Rangi ya mtu

"Mama, nipe rangi ya mtu."

Nilikuwa nakunja nguo upande wa pili wa chumba. Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, karatasi mbele yake, krayoni zimetapakaa kila upande kama kawaida yake. Alikuwa na miaka minne na miezi kidogo. Nikamuuliza rangi ya mtu ndiyo ipi. Akanitazama kwa subira ile ambayo watoto huwa nayo kwa watu wazima wasiojua kitu, akapekua mwenyewe, akaitoa: ile ya waridi iliyopauka.

"Hii."

Nikaenda nikachuchumaa karibu yake, nikanyoosha mkono wangu juu ya karatasi. "Na hii je?"

Akauangalia mkono. Akaugeuza, akaangalia kiganja, akaurudisha kama ulivyokuwa. Halafu, bila kusita hata kidogo: "Hiyo siyo ya mtu. Hiyo ni rangi yako."

Akaendelea kupaka.

Karibu mwaka mzima kabla ya siku hiyo alikuwa akinichora zambarau. Siku nyingine kijani. Ninazo zile picha mpaka leo: kichwa kikubwa, miguu inachomoza moja kwa moja kidevuni, vidole kama miale ya jua, na mwili mzima zambarau. Hakuna siku aliyoniomba radhi kwa hilo. Krayoni ya kahawia ilikuwa na kazi zake, mashina ya miti na udongo, basi. Sasa ghafla kukawa na rangi moja ya watu wote, na mimi niliyemzaa nimebaki nje ya hesabu. Yeye pia yumo nje, ingawa hilo hakulisema, na sidhani kama alikuwa ameliona.

Hasira yangu ya kwanza niliipeleka shuleni. Ni rahisi. Mtoto akirudi na chawa ni shule, akirudi na tusi ni shule, akirudi na habari kwamba binadamu ni wa waridi, ni shule. Nilikuwa nikitafuta aliyemwonyesha. Ilinichukua muda, na kusoma kwingi kwa usiku, kukubali kwamba kuona hakuonyeshwa na mtu. Alikuwa akiona siku zote.

Mtoto mchanga huona vizuri kwa umbali wa kama sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kifuani hadi usoni mwa anayemnyonyesha. Dunia yake ya kwanza ni uso. Mwaka 2005 David Kelly na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Uingereza kwa watoto wa wazazi weupe, wakiwaonyesha picha za nyuso za watu wa asili mbalimbali na kupima ni zipi wanazozikazia macho. Wale wa siku chache tangu kuzaliwa walizitazama zote sawasawa. Wale wa miezi mitatu walikaza macho zaidi kwenye nyuso za watu wa asili yao. Miezi mitatu! Hapo mtoto hata kugeuka tumbo bado anahangaika.

Mwaka uliofuata ukaja utafiti wa Yair Bar-Haim na wenzake ambao mimi naupenda zaidi, kwa sababu ulikuwa na makundi matatu: watoto weupe wa Israeli, watoto weusi wa Ethiopia, na watoto weusi ambao familia zao zilikuwa zimehama kutoka Ethiopia kwenda Israeli, wanaoona kila siku nyuso za watu wa aina zote mbili. Makundi mawili ya kwanza yalivutwa na nyuso zinazofanana na za nyumbani. Kundi la tatu halikuvutwa upande wowote.

Tusikimbilie kusema mtoto wa miezi mitatu ni mbaguzi. Kukazia macho si kupenda, wala kutokazia si kuchukia. Anachofanya ni kile anachofanya na sauti. Kichanga anaweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hatazisikia tena maishani mwake, na kufikia mwaka mmoja uwezo huo unakuwa umepungua sana, kwa kuwa masikio yameshajua kazi yao iko wapi. Macho nayo hivyo hivyo. Kelly na wenzake walirudi mwaka 2007 na kuonyesha kwamba watoto weupe wa miezi mitatu waliweza kutofautisha mtu na mtu ndani ya kila kundi walilopewa, wakati wale wa miezi tisa waliweza kwa watu wa asili yao tu. Watu wa asili nyingine, machoni mwao, walikuwa wameanza kufanana. Kwa hiyo ukisikia mtu mzima anasema "wale wote sura zao ni moja", ujue anakuambia habari za miezi tisa ya kwanza ya maisha yake.

Wala mlango haufungwi hapo. Wako Wakorea waliochukuliwa kulelewa na familia za Ufaransa wakiwa na miaka kati ya mitatu na tisa. Walipopimwa wakiwa watu wazima, walitambua nyuso za Wazungu kwa urahisi kuliko za Waasia, sawa kabisa na Wafaransa wenzao. Macho yalikuwa yamehama nao.

Na kuna jambo moja lililonichekesha kwa furaha. Katherine Kinzler na wenzake waliwauliza watoto weupe wa miaka mitano Marekani wangependa kuwa rafiki wa nani. Kwa picha tupu, walichagua wenye rangi yao. Picha zilipopewa sauti, wakamwacha mwenye rangi yao anayezungumza kwa lafudhi ya kigeni, wakamchagua mwenye rangi nyingine anayezungumza kama wao. Masikio yaliyashinda macho.

Nirudi kwangu, maana hapa ndipo nilipo na kesi ya kujibu.

Zamani kidogo kabla ya ile siku ya krayoni, alipokuwa na miaka mitatu hivi, tulikuwa kwenye basi. Pembeni yetu aliketi mzee mmoja mweupe, mikono yake ameilaza juu ya magoti, yenye madoadoa ya uzee. Binti yangu aliitazama ile mikono kwa muda mrefu. Kisha akalamba kidole chake na, kabla sijajua kinachoendelea, akakisugua mkononi mwa yule mzee, pole pole, kama mtu anayefuta ubao.

Nilimvuta mkono kwa nguvu. "Shii! Tabia gani hiyo!"

Yule mzee alicheka, akamwambia haitoki, na yeye mwenyewe huoga kila siku. Ningemwachia yeye mazungumzo, mambo yangekwisha vizuri. Lakini mimi niliona aibu. Nikamkalisha mapajani nikamgeuzia dirishani, nikamwambia aangalie magari.

Alikuwa anafanya nini mtoto yule? Alikuwa anauliza swali zuri kabisa: hii inatoka au haitoki? Watoto wengi wa umri ule hawana hakika ni kipi katika mtu kinachobaki na kipi kinachobadilika. Nywele zinakatwa na kurudi. Meno yanang'oka. Matope yanaoshwa. Mtu anakuwa mrefu. Kwa nini rangi isioshwe? Mtoto hawezi kulijua hilo mpaka ajaribu, naye alikuwa amejaribu kwa kifaa alichokuwa nacho, kidole na mate.

Nilichomfundisha mimi nilikiona wiki chache baadaye. Tulipishana na mtu mwingine mweupe njiani, naye akanivuta sketi, nikainama, akaninong'oneza sikioni: "Mama, yule ni mweupe." Alinong'ona. Mbwa wakubwa aliwapigia kelele, lori aliita kwa sauti ya kuamsha majirani, mtu mwenye kofia kubwa alimsonta kidole. Rangi ya ngozi tu ndiyo iliyostahili kunong'onwa. Hakupata somo hilo shuleni. Alilipata kwangu, kwa neno moja ambalo hata neno si neno: shii.

Watoto hawashindwi kusoma kimya chetu. Mwaka 2020 watafiti watatu, Jessica Sullivan, Leigh Wilton na Evan Apfelbaum, walionyesha kwamba watu wazima Marekani hukadiria vibaya umri ambao watoto wanaanza kuchakata mambo ya rangi na asili za watu. Wengi walidhani mazungumzo yanafaa kuanza mtoto akikaribia miaka mitano. Miaka mitano, wakati macho yameanza kazi kwenye miezi mitatu! Huko katikati kuna zaidi ya miaka minne ya mtoto kujijazia majibu mwenyewe, kwa vipande anavyookota.

Na vipande viko vingi. Nilianza kuviokota mimi pia, nione anaishi ndani ya nini. Kitabu chake cha alfabeti: watoto wanane, saba wa waridi. Vibonzo: binti mfalme wa waridi, malaika wa waridi, hata jua lilikuwa na mashavu ya waridi. Pakiti ya plasta za vidonda, za rangi ile ile. Hakuna hata kimoja kilichosema lolote baya juu ya mtu mweusi. Hakikuhitaji. Kama kila mtu kitabuni ana rangi moja, basi hiyo ndiyo rangi ya mtu, na wengine ni mama yako.

Nikaja kugundua kwamba kosa lake lilikuwa na historia kiwandani. Kampuni ya Crayola ya Marekani kwa miaka mingi iliuza krayoni ya waridi hafifu ambayo jina lake kwa Kiingereza lilimaanisha "mwili". Mwaka 1962, wakati wa harakati za haki za raia, wakalibadilisha wakaipa jina la tunda. Kwa hiyo kabla ya hapo watoto wa kila rangi walikuwa wakisoma kwenye karatasi ya krayoni sentensi ile ile aliyoniambia binti yangu. Yeye aliifikia peke yake, bila kujua kusoma.

Hapa siwezi kuwaruka akina Clark. Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wote wanasaikolojia weusi wa Marekani, walianza kazi yao mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika ripoti yao ya 1947 walieleza walivyokaa na watoto weusi 253, wenye miaka mitatu hadi saba, mmoja mmoja, na wanasesere wanne waliofanana kila kitu isipokuwa rangi: wawili wa kahawia wenye nywele nyeusi, wawili weupe wenye nywele za njano. Nipe unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Asilimia 67 walitaka kucheza na mweupe. Asilimia 59 walimtoa wa kahawia walipoombwa anayeonekana mbaya. Na swali la mwisho, baada ya hayo yote: nipe anayefanana na wewe.

Fikiria umekaa kwenye kile kiti, una miaka mitano. Umeshamtoa mmoja ukasema ndiye mbaya, na sasa unaombwa umchukue tena useme ndiye wewe. Thuluthi moja walimtoa mwanasesere mweupe. Kenneth Clark alisimulia baadaye kwamba wengine walilia, wengine walitoka mbio chumbani. Watoto wa Massachusetts, waliosoma shule za mchanganyiko, walimpendelea mweupe hata zaidi ya wale wa Arkansas, ambako shule zilitengwa kisheria. Jambo hilo linasumbua kila anayetaka hadithi rahisi, na mimi limenisumbua, kwa sababu nilidhani kuchanganya watoto peke yake kunatosha. Kazi hiyo ilitumika mahakamani, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, iliharamisha kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma.

Kuna watu wameukosoa utafiti ule, na hoja yao moja ina uzito: mtoto huenda alichagua mwanasesere mweupe kwa vile ndio aina pekee aliyowahi kuiona. Lakini mimi naona hoja hiyo inarudi mlango wa nyuma na kusema jambo lile lile. Ndiyo. Ndiyo pekee aliyowahi kuiona.

Sasa, kuona rangi ni kitu kimoja. Kuifanya rangi kuwa kundi ni kitu kingine, na hapa watoto wametuzidi akili kwa muda mfupi kabla hatujawaharibu. Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu alitugawa nyumbani hivi: "Baba ni kama mlango, mimi ni kama meza, na Mama ni kama viatu vya Baba." Nilikwenda kuangalia. Alikuwa sahihi kwa kila kimoja! Mtu mzima akituona sisi watatu anasema "weusi" na kuendelea na safari. Mtoto aliona rangi tatu, mlango, meza na viatu. Sisi tunaona kundi kwanza, kisha macho yanapumzika.

Kundi halitoki kwenye ngozi, linatoka kwenye matumizi. Mwaka 1997 Rebecca Bigler na wenzake waliwavisha watoto wa miaka sita hadi tisa fulana za bluu na za njano. Katika baadhi ya madarasa walimu walizitumia rangi hizo kupanga mambo: bluu pangeni mstari huku, njano kaeni kule. Hakuna aliyesema bluu ni bora. Katika madarasa mengine watoto walivaa fulana zile zile lakini mwalimu hakuzitaja kabisa. Baada ya wiki chache, kule zilikotumika, watoto walikuwa wameanza kuona wa fulana yao ni wema zaidi ya wa fulana nyingine. Kule zisikotajwa, fulana zilibaki fulana.

Nilipousoma huo, wazo langu la kwanza lilikuwa: basi, tusitaje. Dawa si imepatikana? Ila fulana inavuliwa jioni, na nje ya darasa hakuna duka linalouza malaika wa bluu tu. Rangi ya ngozi imeshapangiwa mistari na dunia kabla mtoto hajazaliwa. Mzazi akinyamaza, mistari haifutiki. Inabaki bila mtu wa kuieleza.

Halafu kuna lugha yetu. Nimeipenda maisha yangu yote na sitaki kuitia doa, lakini nilianza kuisikiliza kwa masikio ya mtu wa miaka minne aliyejificha chini ya meza. "Ana rangi" maana yake ni mweupe. Sentensi nzima imekamilika hapo, ana rangi, kana kwamba sisi wengine tulizaliwa bila. "Maji ya kunde" ni sifa. Na ile ya tatu, mbaya kuliko zote kwa sababu inasemwa kwa upendo: "mweusi lakini mzuri". Shangazi yangu aliisema juu ya binti yangu, amempakata, anambusu shavu. Mweusi lakini mzuri mtoto huyu! Alikuwa anampenda kwa moyo wote, sina shaka na hilo. Mtoto wa miaka minne anajua kazi ya "lakini". Anaitumia kila siku: nimekula lakini nina njaa, nimechoka lakini sitaki kulala. Anajua kwamba kinachotangulia lakini ndicho kilichotakiwa kuzuia kinachofuata.

Nilimwambia shangazi, faragha, kwa adabu zote ninazozijua. "Shikamoo shangazi, nina ombi." Alinisikiliza, akasema mimi nimesoma sana, kisha akanyamaza. Siku hizi husema "mzuri huyu" na kusimama hapo. Nasikia anavyoimeza sehemu iliyobaki.

Mazungumzo yetu wawili, mimi na binti yangu, yalikuja siku mbili baada ya rangi ya mtu. Sikuandaa hotuba. Alikuwa bafuni, nikamwambia ndani ya ngozi ya kila mtu kuna vijitu vidogo vinavyotengeneza wino, na wino huo unaitwa melanini. Kila mtu anavyo, na idadi yake haitofautiani sana, awe mweupe au mweusi. Tofauti ni kiasi na aina ya wino vinavyotoa. Wino huo ni kinga, unapunguza makali ya jua. Nilijiona nimesema vizuri.

Akafikiri, povu kichwani.

"Vyako vinafanya kazi sana?"

"Usiku na mchana."

"Na vya yule babu wa kwenye basi?"

Kumbe alikuwa bado naye. Zaidi ya mwaka umepita, tumehama hata njia ile ya basi, na yeye alikuwa ametunza lile swali mahali fulani, limekunjwa. Nikamwambia vya yule babu vinafanya kazi kidogo kidogo.

"Ndiyo maana rangi haikutoka," akasema. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwamba siku ile nilikosea kumgombeza, kwamba swali lake lilikuwa zuri, ila tu mtu haguswi kabla ya kuombwa ruhusa. Sehemu ya ruhusa haikumvutia. Aliuliza kama vijitu hivyo vina macho.

Sikuitupa krayoni ya waridi, ingawa nilishawishika. Niliongeza nyingine za kahawia, nne, kuanzia ile ya udongo mkavu hadi nyeusi karibu na usiku. Alizipanga juu ya mkono wangu moja moja kutafuta inayolingana. Hakuna iliyolingana. Akajaribu kupaka ya machungwa kwanza kisha kahawia juu yake kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika, akakasirika, akaacha.

Wiki iliyopita nilikuta ile kahawia ya katikati imeisha, kimebaki kipande kidogo kama ukucha. Moyo ukanidunda kwa matumaini, nikaenda kupekua michoro yake. Farasi. Kurasa kumi na moja za farasi, wote kahawia, na juu ya kila mmoja ameketi mtu wa zambarau.